Nyumba ya Mungu: Bwawa linaloshika mafuriko ya Mto Pangani

MVUA ya masika inapokolea, mitaro ya Ngamiani jijini Tanga hujaa, maji hupanda barabarani na wenye maduka huinua magunia yao juu ya meza. Baada ya saa chache maji hayo huwa yamekwisha kushuka baharini, na biashara huendelea katika mitaa yenye majina ya namba kana kwamba hakuna kilichotokea.

Mafuriko ya Mto Pangani hayana haraka ya namna hiyo. Huanzia kwenye miteremko ya milima ya Kilimanjaro na Meru, hukusanyika kwa siku nyingi, kisha huteremka katika bonde kavu lililo kati ya safu ya milima ya Upare na Usambara kwa upande mmoja, na mbuga za Wamaasai kwa upande wa pili, hadi yafike mji wa Pangani. Tangu katikati ya miaka ya 1960, mengi ya maji hayo hukutana kwanza na tuta la Nyumba ya Mungu.

Jina hilo humfanya mgeni adhani anaelekezwa kanisani au msikitini. Ni bwawa, tena mojawapo ya mabwawa makubwa zaidi nchini, lililo mpakani mwa wilaya za Mwanga na Moshi mkoani Kilimanjaro na Simanjiro mkoani Manyara. Likijaa, hufunika eneo la takriban kilometa 140 za mraba na kuhifadhi kiasi cha meta za ujazo bilioni 1.1 za maji.

Mito miwili hulilisha. Kikuletwa huleta maji ya Meru na ya miteremko ya kusini ya Kilimanjaro, na Ruvu, ambao haufai kuchanganywa na ule wa mkoa wa Pwani, huleta maji ya upande wa mashariki ya mlima huo kupitia Ziwa Jipe. Chini ya tuta, mto huchukua jina la Pangani na kusafiri zaidi ya kilometa 400 kabla ya kuifikia Bahari ya Hindi.

Waliolijenga walikuwa na makusudio kadhaa kwa pamoja: kuzuia mafuriko, kuweka akiba ya maji kwa ajili ya kilimo cha umwagiliaji, kufuga samaki na, lililo kubwa kuliko yote, kuhakikisha kwamba mashine za umeme zilizo chini ya mto hazikosi maji wakati wa kiangazi. Umeme wa Pangani ulikuwa na historia tayari. Kampuni iliyozaa Tanesco ya leo iliundwa mwaka 1931, na katika muongo huohuo maporomoko ya Pangani yalianza kuzalisha umeme wa kuendesha mashamba ya mkonge na kuwasha taa za Tanga. Kituo cha Hale, chenye uwezo wa megawati 21, kilifuata mwaka 1964.

Nyumba ya Mungu yenyewe ilipata mashine zake mwaka 1968, zenye uwezo wa megawati 8 tu. Udogo huo usimdanganye msomaji. Kazi kuu ya bwawa hilo haikuwa umeme wake, bali maji linayoyatoa kwa mpangilio kwenda Hale na, tangu katikati ya miaka ya 1990, kwenda kituo kipya cha Pangani chenye megawati 68.

Tuta lake ni la udongo na mawe. Mtu aliyezoea picha za kuta nyembamba za zege huweza kulidharau, lakini duniani kote mabwawa mengi zaidi ni ya aina hii, kuanzia malambo ya kunyweshea mifugo hadi makubwa kabisa. Tuta la udongo hushinda nguvu ya maji kwa uzito na upana wake. Katikati huwekwa udongo mzito usiopitisha maji kwa urahisi, na pande zote mbili hujazwa mawe na kifusi cha kuushikilia udongo huo usiporomoke.

Maji kidogo hupenya daima, na wahandisi hulitarajia hilo. Hatari huanza pale maji yanayopenya yanapotoka yakiwa na rangi ya tope, kwa maana yanabeba udongo wa ndani ya tuta. Mizizi ya miti mikubwa na mashimo ya wanyama huweza kuyafungulia njia. Hatari nyingine ni maji kupita juu ya tuta. Zege huweza kustahimili kumwagikiwa kwa muda. Udongo humomonyoka, na ufa wa upana wa mkono huweza kuwa lango la upana wa nyumba katika muda mfupi.

Wakenya walilishuhudia jambo hilo usiku wa Mei 9, 2018, bwawa la udongo la shamba binafsi huko Solai, kaunti ya Nakuru, lilipopasuka katikati ya mvua kubwa na kuua watu wasiopungua 47. Septemba 2023 mabwawa mawili yaliyo juu ya mji wa Derna nchini Libya, yaliyojengwa miaka ya 1970 kwa mawe na udongo kwa ajili hasa ya kuulinda mji huo na mafuriko, yalivunjika usiku mmoja na maelfu ya watu wakafa. Ndiyo maana kila bwawa la udongo huwa na utoro, yaani njia maalumu ya kutolea maji ya ziada kabla hayajafika juu ya tuta.

Bwawa haliyafuti mafuriko. Huyapokea kwa pamoja na kuyatoa kidogo kidogo, na ili liweze kuyapokea ni lazima liwe na nafasi.

Hapo hesabu huanza kuwa ngumu. Kituo cha Pangani kinahitaji takriban meta za ujazo 45 za maji kwa sekunde ili kifanye kazi kwa uwezo wake wote. Chukua mfano wa wiki ya mvua ambapo mito ya juu inaleta meta za ujazo 300 kwa sekunde na malango ya bwawa yanatoa 45 zinazohitajika kwa umeme. Zinazobaki ni 255 kila sekunde, sawa na takriban milioni 22 kwa siku. Zikitandazwa juu ya eneo lote la bwawa, maji hupanda kwa sentimeta zaidi ya 15 kila siku. Ikiwa limebaki na nafasi ya meta moja, hujaa katika siku sita na kidogo.

Anayesimamia mafuriko, kwa hiyo, angependa kuona bwawa limeshushwa kabla ya masika. Anayesimamia umeme angependa kuliona limejaa, kwa kuwa bwawa likiwa limejaa lina akiba ya kulisha mashine za Pangani kwa zaidi ya miezi tisa hata kama mito ya juu isingeleta tone. Mvuvi anataka maji yasipande wala kushuka ghafla wakati samaki wanapozaa ukingoni. Mkulima wa chini ya tuta anataka yafunguliwe wiki ile hasa ambayo mpunga unayahitaji.

Mvua nayo haishauriani na yeyote. Mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998 ziliujaza tena mto na mabonde yake. Miaka minane baadaye, mwanzoni mwa 2006, ukame ulishusha mabwawa ya umeme nchini kiasi cha kulazimisha mgawo. Msimamizi ambaye angetoa maji mapema kwa kuhofia El Niño ambayo haikuja angelaumiwa kwa giza lililofuata, na yule aliyeyashikilia angelaumiwa kwa mafuriko.

Lipo jambo ambalo wakazi wa mkoa wa Tanga hulisahau mara kwa mara wanapolitazama bwawa hilo kama ngao yao. Mito ya Mkomazi na Luengera huingia Pangani ikiwa imekwisha kulipita tuta. Mvua zinazonyesha Usambara, Korogwe na Handeni hazizuiliwi na Nyumba ya Mungu hata kidogo. Oktoba 2019, mvua kubwa zilipokata mawasiliano ya barabara katika wilaya za Handeni na Korogwe, hakuna lango la bwawa ambalo lingefungwa likasaidia, kwani maji yenyewe yalikuwa yameanguka chini yake.

Lakini swali zito zaidi kuhusu bwawa hili ni la mafuriko yaliyozuiliwa kweli: nani aliyekuwa akiyahitaji?

Chini ya tuta, kuelekea Korogwe, ipo ardhi oevu ya Kirua. Kabla ya bwawa kujengwa, mto ulikuwa ukifurika huko katika misimu ya mvua, ukitandaza maji juu ya uwanda mpana, kisha ukirudi taratibu kwenye mkondo wake. Kwa macho ya mhandisi hayo yalikuwa maji yaliyopotea, kwa kuwa sehemu kubwa iliishia kuwa mvuke badala ya kuzungusha mashine. Kwa macho ya wenyeji yalikuwa msimu. Samaki walizaliana katika majani yaliyofunikwa na maji, tope jipya lilibaki mashambani, na maji yalipokauka malisho yaliota wakati ambapo mbuga nyingine zimeungua kwa jua.

Baada ya malango kufungwa, sehemu kubwa ya uwanda huo haikupata tena mafuriko yake ya kawaida, na ardhi oevu ya Kirua ikasinyaa. Uvuvi wa huko ulipungua. Watu walilima mahali ambapo zamani pasingelimika, jambo ambalo ni faida, mpaka mwaka mmoja mto unapokumbuka njia yake ya zamani. Ulinzi wa bwawa una tabia hiyo popote duniani: huwavuta watu kwenye ardhi ya mto, na mafuriko machache yanayolishinda bwawa huwakuta watu wengi kuliko yale mengi ya zamani.

Samaki waliopungua Kirua walijitokeza juu ya tuta. Bwawa jipya, lenye miti na majani yaliyozama na kuoza, lilikuwa na chakula tele, na perege walizaliana kwa kasi ya kushangaza. Kambi za wavuvi ziliota ukingoni na kugeuka vijiji. Mwaka 1970 zilivuliwa zaidi ya tani 28,000. Sifa zake zilienea, na samaki wakavu wa Nyumba ya Mungu wakawa bidhaa inayofahamika katika masoko ya kaskazini.

Neema hiyo haikudumu. Wataalamu wa mabwawa wanalijua jambo hili vizuri: rutuba ya miaka ya mwanzo hutoka katika mimea iliyozama, nayo ikiisha, bwawa hurudi kwenye kipato chake halisi. Wavuvi hawakupungua pamoja na samaki. Nyavu zilipunguzwa matundu, makokoro yakaburutwa kwenye mazalia, na mwaka 2016 Serikali ililifunga bwawa kwa shughuli za uvuvi kwa muda ili samaki wapumue. Miongoni mwa waliokuwa wakivuliwa ni perege wa asili wa bonde hili, wakiwamo wa Ziwa Jipe na wa Mto Pangani wenyewe, ambao hawapatikani katika bonde jingine lolote na wamo katika orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka.

Na starehe je? Katika nchi nyingine bwawa la kuzuia mafuriko na uwanja wa burudani ni kitu kimoja. Marekani ilipitisha sheria mwaka 1944 iliyoruhusu jeshi lake la wahandisi kujenga na kuendesha sehemu za mapumziko kwenye mabwawa ya mafuriko, na leo mamilioni ya watu huko huogelea, huvua kwa ndoana na kupiga kambi kando ya maji ambayo kusudio lake la kwanza ni kuilinda miji iliyo chini. Karibu na nyumbani, Bwawa la Nairobi, lililojengwa mwaka 1953 kati ya Kibera na Lang'ata, lilikuwa na klabu ya mashua za matanga. Baadaye lilijaa maji machafu na magugu maji, na kilichokuwa uwanja wa matanga kikawa uwanda wa kijani ambao mashua isingeweza kuupita.

Nyumba ya Mungu halijawa na historia ya aina hiyo. Wanaotafuta burudani katika bonde hili husimama juu zaidi, kwenye chemchemi za Chemka zinazomwagikia Kikuletwa, ambako maji ya buluu chini ya mikuyu huwavuta waogeleaji wa Moshi, Arusha na nchi za nje. Au huenda chini kabisa, Pangani, ambako watalii hukodi mashua kupanda mto katikati ya mikoko na minazi. Bwawani penyewe wapo viboko na mamba, na ukingo husogea kwa mamia ya meta kati ya msimu wa mvua na kiangazi. Hoteli ingejengwa wapi? Iliyo kando ya maji mwezi Juni ingekuwa kando ya matope mwezi Februari.

Huko Pangani, mwisho wa safari, athari za bwawa huonekana kwa namna ambayo msafiri wa mashua hawezi kuitambua. Mto unapopungua nguvu, bahari hupanda. Maji ya chumvi huingia mtoni wakati wa bamvua na kufika mbali kuliko zamani, na wakulima wa kingo za chini wamelalamika kwa miaka mingi kuhusu mashamba na visima vilivyoharibika. Mchanga uliokuwa ukishushwa na mafuriko kuja kuziba mapengo ya pwani hukwama njiani. Mji huo mkongwe umelazimika kujengewa ukuta wa kuzuia bahari isiumege. Bwawa si sababu pekee. Maji mengi huchukuliwa juu yake, katika mifereji ya jadi ya Wachaga, mashamba ya miwa ya Arusha Chini na mpunga wa skimu ya Lower Moshi iliyoanza mwaka 1987 kwa msaada wa Japani. Mto unaoingia Nyumba ya Mungu leo umekwisha kutozwa ushuru njia nzima.

Jua nalo hutoza. Eneo la bwawa ni kavu na lenye upepo, na maji yenyewe ni mapana bila kuwa na kina kikubwa. Kila sentimeta moja inayogeuka mvuke juu ya kilometa 140 za mraba ni meta za ujazo milioni 1.4, kiasi ambacho kingeendesha kituo cha Pangani kwa uwezo wake wote kwa zaidi ya saa nane.

Mkazi wa Ngamiani anayefungua bomba hanywi maji haya. Jiji la Tanga hunywa maji ya Mto Zigi, unaoshuka kutoka Amani na kukusanywa katika bwawa la Mabayani lililojengwa mwaka 1978. Adui mkubwa wa Mabayani ni tope linaloteremshwa na mvua kutoka mashamba ya milimani na kula nafasi ya maji. Mwaka 2024 mamlaka ya maji ya Tanga iliuza hatifungani ya kijani ya Sh53.12 bilioni ili kupanua uzalishaji na kuhifadhi chanzo hicho, na wanunuzi wakajitokeza kupita kiasi kilichotakiwa.

Kinachomuunganisha mkazi huyo na Nyumba ya Mungu ni waya wa umeme, nao si muhimu kama ulivyokuwa. Vituo vyote vitatu vya Mto Pangani vina jumla ya megawati 97. Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji, lililokamilisha mashine zake zote tisa mwaka 2025, lina megawati 2,115. Kwa miaka sitini umeme ndio uliokuwa na kauli ya mwisho kuhusu lini malango ya Nyumba ya Mungu yafunguliwe na kwa kiasi gani. Sasa, ambapo nchi haitegemei tena megawati 97 kwa kiwango kilekile, hoja ya kuyaachia maji wakati mwingine kwa ajili ya Kirua na mdomo wa mto haigharimu giza kama zamani. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inaiunga mkono: mahitaji ya msingi ya binadamu hutangulia, kisha mahitaji ya mto wenyewe na viumbe wake, ndipo yafuate matumizi mengine. Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, yenye makao yake Moshi, ndiyo yenye jukumu la kuugeuza utaratibu huo kuwa ratiba ya malango.

Ratiba hiyo imepata mdai mpya mwenye haki ya kutangulia. Machi 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mradi mkubwa wa maji ya kunywa unaochota kutoka Nyumba ya Mungu na kuyapandisha hadi miji ya Mwanga na Same, ambako akina mama walikuwa wamezoea kununua maji kwa ndoo huku bwawa likiwa linaonekana bondeni. Jina kamili la mradi huo ni Same–Mwanga–Korogwe. Korogwe ipo kando ya mto huohuo, kilometa nyingi chini ya tuta.